Tulikataza Filimu Ambayo Hatukuitazama

 

Leo tunasimulia kosa letu wenyewe. Si kosa la kupelekana mbele ya chifu, lakini lilitufundisha kitu, na tumeona si vizuri kukificha.

Mnajua namna jioni zimebadilika hapa Kalengera. Zamani nyumba zenye televizyo ulizihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Leo wengine wameweka pano ya jua juu ya bati, na penye televizyo watoto hawakosi. Katika nyumba moja, ambayo hatutaitaja, watoto wetu walikuwa wanaingia kila mangaribi, kila mmoja na franga zake mia mbili, kutazama seri. Ni zile filimu zinazokatwa vipande, kila jioni kipande kimoja, na kipande kinakwisha palepale ambapo mtu anataka kujua mengine.

Mambo hayo yakafika katika mkutano wetu. Mama mmoja alisema binti yake anaacha vyombo bila kuosha. Wa pili alisema mwanawe amechukua pesa za maharagi ili aingie. Wa tatu alisema amesikia ndani ya filimu hiyo watu wanabusiana mbele ya wakubwa. Wa nne alisema vilevile, na alikuwa amesikia kwa huyo wa tatu. Kabla ya robo saa kwisha tulikuwa tumekubaliana: hakuna mtoto wa mwanamemba atakayeingia tena mule. Karani wetu alikuwa tayari anaandika.

Hapo binti mmoja akaomba ruhusa ya kusema. Ni mtoto wa mwenzetu, anasoma uandishi wa habari kule Goma, alikuwa amekuja kumsalimia mama yake. Akasema, "Wamama, mnisamehe, mimi ni mtoto kwenu. Nauliza tu: nani kati yenu ameitazama filimu hiyo?"

Tukatazamana. Mmoja akakohoa. Hata yule aliyesema mengi kuliko wote hakuwa ameketi mbele yake hata jioni moja.

Yule binti hakutucheka. Alituambia kwamba kule Uingereza kuna watu ambao kazi yao, ya mshahara kabisa, ni kutazama televizyo na kuandika gazetini walichokiona. Tukacheka sana. Mama mmoja akauliza kama wanatafuta wafanyakazi, maana mume wake yuko tayari tangu zamani. Lakini binti alipoendelea kueleza, kicheko kikapungua, kwa sababu tuliona kwamba kazi hiyo ina masharti, na sisi tulikuwa tumeyavunja yote katika robo saa.

Basi tuwaeleze na nyinyi.

BBC ilianza kutangaza kwa televizyo mwaka 1936. Baada ya vita vya pili vya dunia televizyo ziliingia katika nyumba nyingi, na mwaka 1955 ikaanza ITV, inayoishi kwa pesa za matangazo ya biashara. Magazeti yakaona kwamba wasomaji wao jioni wanakaa mbele ya televizyo, na asubuhi wanazungumza juu ya walichokiona. Yakaweka mtu wa kukifuatilia. Anaitwa mhakiki wa televizyo.

Zamani kazi ilikuwa ya haraka. Mhakiki alitazama nyumbani kwake jioni kama watu wengine wote. Filimu ikiisha, aliandika upesi usiku uleule, akapeleka maneno yake gazetini, mara nyingi kwa kuyasoma kwenye simu huku mtu wa upande wa pili akiyapiga mashine. Asubuhi msomaji aliyakuta karibu na chai yake. Siku hizi vituo vinampelekea mhakiki filimu mapema kwa intaneti, na namba ya siri ya kuifungulia. Wengi wanatia na nyota, kuanzia 1 mpaka 5, ili mwenye haraka aelewe bila kusoma yote. Na kuna adabu moja: mhakiki anayeandika kabla ya watu kutazama hatoboi mwisho wa hadithi.

Anamfanyia nani kazi hiyo? Anamfanyia mtazamaji, hamfanyii mwenye kituo. Kule Uingereza, nyumba inayotaka kutazama televizyo inalipa leseni kila mwaka, zaidi ya pauni 170, na hizo ndizo zinazolisha BBC. Mtu aliyelipa ana haki ya kuambiwa ukweli kuhusu alichonunua, sawa na wewe unaponunua gunia la mihogo sokoni na kutaka kujua ndani kukoje. Ndiyo maana tulipokumbuka franga mia mbili za watoto wetu, tuliona kwamba na sisi tuna neno la kusema. Lakini kwanza tufungue gunia.

Tuwape mfano wa mwanamke mmoja wa kazi hiyo. Anaitwa Nancy Banks-Smith. Alianza kuandika juu ya televizyo katika gazeti The Guardian mwaka 1969, na akaendelea kwa miaka mingi. Mwaka 1970 alipendekezwa kupewa nishani ya ufalme inayoitwa OBE, akaikataa. Watu walimpenda kwa ucheshi wake, na kwa kuona vitu vidogo ambavyo wengine walivipita. Baadaye aliandika pia juu ya mchezo wa redio unaoitwa The Archers.

Huo mchezo wa redio unatuhusu, wamama. The Archers ulianza kusikika Uingereza nzima mwezi wa kwanza wa mwaka 1951, wakati chakula kilikuwa bado kichache baada ya vita. Ulitungwa kuwa hadithi ya familia ya wakulima, ili wakulima wanaosikiliza wajifunze namna ya kuzalisha zaidi. Unaendelea mpaka leo. Na wale kati yetu wanaosikia Kinyarwanda wanaijua Urunana, iliyoanza mwaka 1999 kwenye BBC: ilitengenezwa kwa kufuata mfano wa The Archers, kuzungumza juu ya afya na maisha ya kijijini. Mnakumbuka tulivyokuwa tunabishana juu ya watu wa Urunana pale kisimani, nani ana haki na nani mwongo? Hapo sisi wenyewe tulikuwa wahakiki. Tofauti ni kwamba Urunana tulikuwa tumeisikiliza.

Mhakiki anakosea pia. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 1960 ITV ilianza seri inayoitwa Coronation Street, habari za watu wa kawaida wa barabara moja kaskazini mwa Uingereza, wengi wao wanawake wenye maneno makali. Mhakiki Ken Irwin wa gazeti Daily Mirror aliandika kwamba seri hiyo haitafika mbali. Imepita miaka zaidi ya sitini na bado inaonyeshwa. Lakini jina lake lilikuwa pale juu ya maneno yake, na kila mtu aliweza kumkumbusha. Maneno yetu ya mkutanoni hayakuwa na mwenyewe. Kila mmoja wetu alisema "wanasema", na huyo "wanasema" hajawahi kuonekana hapa Kalengera.

Na mhakiki hachagui filimu kubwa tu. Clive James, mzaliwa wa Australia, aliandika kila Jumapili katika gazeti The Observer tangu 1972 mpaka 1982. Alihakiki michezo ya kuigiza, na pia watangazaji wa mpira na hata wasomaji wa hali ya hewa. Alichekesha sana, lakini alikuwa ametazama. Kwake kitu ambacho mamilioni ya watu wanakitazama kila jioni kilistahili kuangaliwa vizuri, hata kama wasomi wanakidharau.

Mwenzetu mmoja aliuliza kama kazi hiyo si sawa na ya serikali ya kukataza filimu mbaya. Hapana. Hapa inchini kwetu tuna CSAC, baraza la vyombo vya habari lililowekwa na Katiba ya mwaka 2006. Lina nguvu za kisheria: linalinda uhuru wa habari, na linaweza kukiadhibu chombo kinachovunja kanuni. Mhakiki hana nguvu ya kufunga kitu. Ana macho yake na kalamu yake tu. Akishasema, msomaji ndiye anayeamua kutazama au kuzima.

Basi tukamwambia karani afute ile kanuni. Tukachagua wamama watatu kati yetu, tukawatuma kutazama jioni sita mfululizo. Tuliwapa daftari moja na masharti manne. Watazame mpaka mwisho. Waandike kwanza walichokiona, halafu ndipo wanachokifikiri. Wasipokee kitu kwa mwenye nyumba. Na kila mmoja aweke jina lake chini ya maneno yake.

Sharti la tatu lilijaribiwa jioni ya kwanza. Mwenye nyumba alipoona wamama watatu mlangoni, aliwatolea viti vizuri na kusema waingie bure, tena atawaagizia soda. Walimshukuru, wakatoa mia mbili zao kama watoto, wakaketi.

Jioni ile ya kwanza mmoja wao alirudi akisema filimu ni ya bure kabisa, na mwisho wake anaujua tayari. Jioni ya tano alikuwa wa kwanza kufika. Alikubali yeye mwenyewe tuandike hivyo.

Haya ndiyo waliyoyaleta.

Seri yenyewe ni habari za mwanamke anayeuza vitambaa. Mume wake amekufa, na ndugu za mume wanataka kumtoa ndani ya nyumba. Kubusiana kulikuwapo, ndiyo, mara moja katika jioni sita, na watoto walifunika uso wao wenyewe. Lakini kulikuwa na kitu kingine ambacho hakuna aliyekitaja mkutanoni. Jioni ya tatu shemeji alimpiga yule mjane kofi, na watoto wote chumbani wakacheka.

Wamama wetu walishangaa. Watoto hawa si wabaya, ni wetu. Kwa nini wacheke? Wakaanza kuangalia chumba badala ya televizyo, ndipo wakaelewa. Filimu inasema Kifaransa cha haraka ambacho watoto wengi hawakifuati. Kijana mkubwa anayeshika telekomande ndiye anayetafsiri, na anaongeza maneno yake, kama wale wanaotafsiri filimu kule Uganda na Rwanda wanavyotia utani wao. Mjane alikuwa anaomba hati ya nyumba yake. Kijana akasema, "Anataka pesa za nywele!" Kwa hiyo watoto wetu walikuwa wanamwona mwanamke mgomvi anayepigwa kwa sababu ya kusuka nywele. Walikuwa wanatazama filimu nyingine kabisa.

Mmoja wa wale wamama watatu ni mjane. Alituambia, "Kile kicheko kiliniuma kuliko kofi." Jioni ya nne alimwomba yule kijana ampe nafasi, akatafsiri yeye mwenyewe, polepole, bila kuongeza kitu. Chumba kikanyamaza. Msichana mmoja mdogo akauliza, "Basi nyumba ni yake?"

Mama akajibu, "Ni nyumba yake."

Aliporudi kutuletea habari hizo alikaa kimya kidogo. Kisha akatueleza kitu ambacho hakuwa ametuambia tangu aingie katika kikundi chetu. Yeye pia alitolewa nyumbani na ndugu za marehemu, miaka kadhaa iliyopita, pamoja na watoto. Tulikuwa tunaweka akiba pamoja kila juma, tunacheka pamoja, na hatukujua. Tulidhani alihama kwa hiari yake. Hatukuwahi kumwuliza.

Wamama, tunaandika hili kwa sababu wengi wanadhani mjane hana lake. Sheria ya familia ya inchi yetu, ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inampa mke aliyebaki haki ya kuendelea kukaa ndani ya nyumba waliyoishi na mume wake na kutumia vyombo vyake. Na watoto wa marehemu ndio warithi wa kwanza, kabla ya ndugu zake. Ndugu za mume hawana ruhusa ya kuja na kufuli siku ya matanga. Shikeni hayo, na muwaambie jirani.

Habari ya pili waliyoileta inahusu saa. Seri inaanza saa moja ya mangaribi na kwisha karibu saa mbili. Lakini watoto hawatoki. Wamekwisha kulipa, mwenye nyumba haoni sababu ya kuwafukuza, na palepale anaweka filimu nyingine, ya bunduki, damu na mambo ya watu wazima. Wadogo wanalala juu ya mkeka, wakubwa wanatazama. Saa nne wanarudi nyumbani gizani, wasichana na wavulana, bila mtu mzima. Mnajua nyakati tulizo nazo na njia zetu zilivyo usiku. Hatuhitaji kuwaeleza.

Hapo tuliona aibu. Katika mkutano tulizungumza juu ya busu moja. Juu ya filimu ya pili hakuna aliyesema neno, wala juu ya njia ya usiku. Kama tungepitisha kanuni yetu, watoto wengine wangeenda kwa kujificha, na kwa kujificha wangerudi usiku zaidi.

Tukaenda kumwona mwenye nyumba, wamama watano, kwa heshima. Alinung'unika mwanzoni. Tulipomwambia kwamba hatukuja kumfungia, akatusikiliza, na tukakubaliana hivi: seri ikiisha, televizyo inazimwa kwa dakika kumi na watoto wote wanatoka. Wamama wawili kwa zamu wanakuwa pale kuwasindikiza. Mtu mzima ndiye anayetafsiri, na yule kijana atabaki na telekomande yake na heshima yake. Na mtoto ataomba pesa kwa mama yake waziwazi. Asipopewa, hapewi; ya maharagi hayaguswi.

Hatusemi kila televizyo ni nzuri. Iko filimu ambayo tungeitazama jioni sita na kusema: hii hapana. Lakini tungelisema hilo tukiwa na daftari mkononi, na mtoto akiuliza kwa nini, tungekuwa na jibu lingine kuliko "kwa sababu nimesema".

Basi juma hili tunawaomba mjaribu, kila kikundi kwa namna yake. Chagueni kitu kimoja ambacho watoto wenu wanakitazama au kukisikiliza, kwenye televizyo, redio au simu. Kaeni nacho mpaka mwisho. Ulizaneni: tumeona nini kwa macho yetu? Nani anatueleza maana yake, na anaongeza nini? Nani anapata pesa? Mtoto amecheka wapi, amenyamaza wapi? Kisha mwulize mtoto yeye ameonaje, na umwache amalize kusema. Utashangaa.

Na kama video inafika kwenye simu ikisema watu wanakufa mahali fulani, fanyeni vilevile kabla ya kuituma kwa wengine au kuanza kufunga mizigo. Wanasema lugha gani? Miti na nyumba ni za kwetu? Nani ameituma kwanza? Pigeni simu kwa mtu aliye mahali pale.

Tuandikieni mliyoyaona, maneno machache tu, na kila mmoja atie jina la kikundi chake. Yale ya kuwafaa wengine tutayaweka hapa.

Yule mwenzetu mjane bado hajarudi katika nyumba yake. Lakini Jumatatu wawili kati yetu walienda naye kwa chifu, na makaratasi aliyokuwa ameyaficha ndani ya sanduku la nguo. Chifu amewaita ndugu za marehemu waje kusikilizwa. Siku hiyo tutakuwa pale na tutasikiliza mpaka mwisho, na daftari letu.

Mbaki salama, wamama. Tutakutana tena juma lijalo.